Dundu Wawili wa Mwalimu Shamsudin

Alasiri ile Mona aliwatia dundu wawili kwenye kibakuli cha maji ya vuguvugu, akakaa kuwangoja walainike. Walikuwa dundu wa kahawia, wa kawaida kabisa, wale wanaojigonga kwenye taa mvua zikianza, na mtu mwenye akili zake huwafagia asubuhi akawatupa. Lakini marehemu mumewe, Mwalimu Shamsudin, hakuwa na akili za kufagia. Maisha yao yote ya ndoa, chumba cha ghorofani pale Mji wa Kale kilijaa masanduku ya dundu waliochomwa pini. Kesho Fuad, shemeji yake, angeyapeleka yote makumbusho, kama marehemu mwenyewe alivyousia.

Wosia haukumuuma Mona. Waliomuuma ni hawa wawili. Mwalimu alikufa akibisha kwamba ni aina mbili, kabla hawajapasuliwa kutazamwa ndani. Wataalamu waliopelekewa picha wakamjibu, kwa adabu sana, kwamba ni aina moja. Mona alitaka kujua kabla sanduku halijafungwa. Si kujua tu, alitaka mumewe awe amesema kweli.

Alikuwa ndani ya eda, hatoki, na waliokuja kumpa mkono wa tanzia walikuwa wameshapungua. Aliyebaki naye ni Hadeel, dada mdogo wa marehemu, mwema kupindukia, ambaye akiona mende hupanda kitandani.

Dundu walipolainika Mona aliwafuta, akachukua lenzi. Alianza na vipapasio vya kichwani, vile vijipande vitatu bapa vya nchani ambavyo hufunguka na kujifunga kama vidole. Sawasawa. Meno ya mguu wa mbele yalikuwa matatu huku, matatu kule. Nywele za kifuani nazo hazikusema kitu. Kwa nje walikuwa ndugu wa tumbo moja, ikabaki kutazama ndani.

Wote wawili walikuwa madume, na dume la dundu hujulikana kwa kiungo chake cha uzazi, kigumu kama ukucha, na kila aina ina umbo lake. Kazi hiyo tangu zamani ilikuwa ya Mona, kwa kuwa mikono ya Mwalimu ilikuwa mizito na yeye alikuwa mshona kofia. Laiti wanaume waliozivaa kofia zake siku ya Ijumaa wangejua sindano zile zilipita wapi, wangeswali vichwa wazi.

Alipasua kidogo kwa nyuma, akavuta taratibu. Wa kwanza, ncha ilikuwa imepinda kama ndoana. Wa pili, ncha ilikuwa pana na butu kama upawa.

"Mwalimu, ndoo utizame!"

Mwito ulimtoka kabla hajaukamata. Hakuna aliyeitika. Alibaki na sindano mkononi, na upweke ukamkaba kuliko hata siku ya maziko, maana siku ile nyumba ilijaa watu.

Yeye na Mwalimu walikuwa na desturi yao. Mmoja akishaona, hasemi. Huvichanganya vile vipande, humwita mwenzake, na mwenzake hutazama na kueleza kwa maneno yake mwenyewe tofauti iko wapi. Maelezo yakipatana, jina huandikwa. Yasipopatana, hata wakinuniana mpaka chakula kikapoa, haliandikwi. Mwalimu hakuliamini jicho la mtu mmoja, hata lake mwenyewe.

Mona akavichanganya vipande, akamwita Hadeel.

"Mimi? Na hao?" Hadeel alisimama mlangoni, pua kaikunja, macho kayafinya. "Wifi, mato yangu hayajui wadudu."

"Si lazima yajue. Tizama tu, kisha uniambie wafanana ama hawafanani."

Hadeel alijikaza roho, akainama juu ya lenzi, akafumba jicho moja. Mona alikuwa kando yake, akamwona: na la pili alilifumba.

"Eh! Mbalimbali kabisa," alisema Hadeel. "Maskini kaka yangu, kumbe alikuwa akisema kweli!"

"Tofauti iko wapi?"

Hadeel aliyafumbua macho, akamtazama wifi yake badala ya lenzi. Yalikuwa yamejaa machozi.

"Popote upendapo, wifi. Mimi ni nawe."

Mona hakuweza kumkasirikia. Kalamu ilikuwa pale mezani, karatasi pale. Angetaka, angeandika majina mawili, na Hadeel angemshuhudilia mbele ya yeyote, hata kwa kiapo.

"Ahsante, mamangu," alimwambia. "Hebu katutilie chai."

Hadeel alipoteremka, Mona alivigandisha vile vipande kwenye vikadi, kila kimoja chini ya dundu wake, kwa uangalifu uleule wa siku zote. Kisha aliwarudisha wote wawili sandukuni chini ya jina moja, lile la wataalamu, akafunga kifuniko.

Mwalimu alikuwa amesema kweli. Aliyejua hivyo ni mtu mmoja tu, na katika nyumba ile mtu mmoja hakuwahi kutosha.