Mpangaji Aliyepewa Siku Saba

Mwaka ule mjini Morogoro redio zilikuwa nyingi kuliko masikio. Kila mwenye mlango alikuwa na duka. Muuza mkaa alianza kuuza manukato, mwalimu wa hesabu akaanza kuuza mitumba, na hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu ilikuwa ruksa. Mimi Mosi nilibaki dereva wa hospitali. Gari lile halikuwa na starta, na hakuna mtu mwingine aliyejua kulibembeleza. Nililiegesha mteremkoni siku zote. Likitakiwa kuondoka, unatoa jiwe chini ya gurudumu, unamtaja Mungu, unateremka. Mgonjwa akiwa tambarare, ilibidi apone mwenyewe.

Jumanne moja asubuhi nilitoa jiwe kule Mgeta nikiwa nimempakia Cecilia na mumewe, Wilfred. Cecilia alikuwa mkulima wa kabichi. Nisiulizwe ukubwa wa kabichi zake; nasema tu kwamba moja niliwahi kuilaza kiti cha nyuma na miguu ya abiria ikakosa pa kukaa.

Kabla gari halijafika chini, jueni jambo moja. Ukoo wangu na ukoo wa Cecilia ni watani. Wao wakifiwa, sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaowatukana wafiwa, tunaojilaza mahali pa maiti mpaka tukombolewe kwa jogoo au chochote tutakachotaja. Mfiwa haruhusiwi kukasirika wala kukataa. Wa mwisho kukataa, inasemekana, mpaka leo hajazikwa yeye mwenyewe. Yupo anazunguka huko Kinole akiomba mtu amchimbie.

"Mtani, punguza mwendo," Cecilia aliniambia.

"Breki za gari hili zinafanya kazi Alhamisi tu."

"Nikikufia humu je?"

"Nitashukuru. Nina hamu ya jogoo."

Alicheka, halafu kicheko kikamkatika. Akajikunja, mkono umekamata tumbo chini, upande wa kushoto, na uso ukawa rangi ya majivu. Nikaacha mizaha, nikaanza kuzikumbuka sala zote nilizowahi kufundishwa, na nyingine nikatunga.

Hospitali tulipokelewa na Daktari Shadya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride. Alimpima Cecilia presha, akapeleka mkojo maabara, akarudi na kikaratasi.

"Una mimba."

"Sina."

"Mkojo wako unasema unayo."

Cecilia akamgeukia mumewe. "Wilfred, kaninunulie soda." Wilfred alipotoka, akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, nina kitanzi cha kuzuia mimba. Niliwekewa mwaka juzi. Mume hajui, padri hajui."

"Na huyu?" Daktari akaninyooshea kidole.

"Huyo ni mtani, si mtu."

"Sikiliza mama. Kitanzi kinalinda mfuko wa uzazi. Mimba ikijishika nje ya mfuko, kitanzi hakina habari nayo. Inakua pasipo nafasi, inatoboa mishipa ya damu, mwisho inapasuka. Matone ya damu unayoyaona, maumivu ya upande mmoja, kuishiwa nguvu, vyote vinanielekeza huko. Lakini nataka kuona kwa macho kabla sijashika kisu."

Hospitali haikuwa na mashine ya kuonea tumboni. Mji mzima ulikuwa na moja, nayo ilikuwa dukani kwa Abdulswamad, kati ya mafeni na majokofu. Aliiagiza Dubai, ikaja na kioo kimepasuka. Mtu mwingine angelia. Abdulswamad alivuta waya, akaiunganisha na televisheni kubwa ya dirishani, ile ambayo vijana na wazee walisimama nje kuitazama kutwa, maana televisheni ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Mgonjwa alilala nyuma ya pazia. Picha yake ilitoka barabarani.

Siku hiyo tulipomfikisha Cecilia dukani, nje walikuwa wanangoja mpira. Daktari akampaka Cecilia mafuta tumboni, akaweka kile kishikio, na kwa kuwa waya ulikuwa mfupi na televisheni imempa kisogo, ikabidi afanye kama tulivyokuwa tukifanya na antena za juu ya bati.

"Sasa?" akapaza sauti.

"Chenga tupu!" wakajibu wa nje.

Akasogeza. "Sasa je?"

"Hapo hapo! Tunaona goli!"

"Golini kuna nini?"

"Hakuna kitu! Goli tupu! Kuna kiwaya tu kinang'aa!"

Daktari akasogeza tena. "Nyuma ya goli?"

"Maji! Uwanja umejaa maji, refa aahirishe!"

"Kona ya kushoto?"

Hapo pakawa na ubishi. Mmoja akasema ni kivuli, mwingine akamwita kipofu, mpaka Mwaisha muuza ndizi, ambaye hakuwahi kutazama mpira maishani, akasema taratibu, "Mpira uko kule kushoto. Una duara nene kama andazi la tundu. Na umekwama."

Daktari akanikabidhi kishikio. "Usitikisike." Nikakishika kama nimeshika yai la kuazima. Alitoka nje, akasimama katikati ya watu, akatazama. Wilfred naye alikuwa pale na soda yake.

"Daktari," nikamsikia Wilfred, "na ule waya unaong'aa golini ni nini?"

"Kipa," alijibu. "Amekaa pake vizuri. Mpira haukupita kwake."

Aliporudi nyuma ya pazia hakuwa anatania tena. Alimwambia Cecilia waziwazi: mfuko ni mtupu, mimba iko nje upande wa kushoto, na yale maji ni damu inayovujia tumboni. Upasuaji leo, tena sasa hivi. Cecilia akaomba kalamu, akaiegemeza karatasi ya kukubali upasuaji kwenye jokofu la duka, akaweka sahihi yake mwenyewe.

Tukamrudisha hospitali. Ilibaki damu. Siku zile benki ya damu ilikuwa ni ndugu zako. Daktari alitaka chupa mbili mkononi kabla hajafungua tumbo. Wilfred akakunja mkono wa shati hapo hapo, lakini Pazi wa maabara akatikisa kichwa: damu zao hazioani. Ikabidi kungoja ndugu, waliokuwa njiani wakitufuata kutoka Mgeta.

Walifika saa sita, watu kumi na mmoja, juu ya lori la kabichi. Mbele alikaa Mjomba Agustino, kaka wa marehemu mama yake Cecilia. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Hata shamba alilolima Wilfred lilikuwa la kuonyeshwa na mjomba.

Daktari aliwakuta wamekaa duara uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mtoto wa tumboni amekaa pasipo pake."

"Ndiyo. Nahitaji damu ya watu wawili."

"Damu ya ukoo haitoki bila kikao," alisema Mjomba Agustino, na akavua kofia kuonyesha kwamba kikao kimeanza. "Sisi mtu akijenga mahali ambapo hakuonyeshwa, hatumvamii. Tunampa siku saba ahamie alipoelekezwa. Na mmesema wenyewe kwamba mfuko ni mtupu, nafasi ipo."

"Mzee, siku saba hazipo. Mgonjwa hana hata saa saba."

Mjomba akashauriana na wa kulia na wa kushoto. "Basi tumempunguzia. Siku tano."

"Mimba haihami!" Daktari akapandisha sauti hadi kunguru wakaruka. "Hakuna dawa ya kuihamisha wala barua ya kuihamisha. Ikishaanza kupasuka, ama tunaitoa, ama inaondoka na mama yake."

Hapo mzee akainamisha kichwa, na alipozungumza sauti ilikuwa nyingine. "Mwanangu, mimi si mpumbavu. Ninyi mkiingiza kisu mnazoa vyote. Cecilia ndiye binti pekee wa nyumba ya dada yangu. Mkimfunga kizazi, nyumba ile mmeifunga. Dada yangu nitamwambia nini?"

"Nitakata palipoharibika tu, Mungu akinipa nafasi. Lakini kila dakika unayonichelewesha, inaninyima cha kuchagua."

Mjomba akafikiri. Akavaa kofia, akaivua tena. "Ajenda ya kwanza, sala. Ajenda ya pili, kusoma yatokanayo na kikao kilichopita kuhusu mpaka wa kijito."

Wakaanza kusoma kuhusu kijito.

Nilikwenda mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Cecilia alikuwa kitandani, maji ya dripu yanamwingia, midomo imekuwa kama ya mtu aliyekula chokaa. Akanivuta kwa kidole kimoja.

"Mtani, wale wataongea mpaka nikauke. Fanya kazi yako."

"Kazi ipi?"

"Nizike."

Sikuuliza mara ya pili. Nikachukua shuka la hospitali, nikaenda katikati ya kikao, nikajilaza chali, nikajifunika, nikapiga yowe ambalo nina hakika lilifika Kilakala, maana wasichana wa sekondari walisema baadaye walitoka madarasani wakidhani ni kengele.

"Cecilia wetu jamaniii! Umekufa ungali mbichi! Umeuawa na ajenda ya piliii!"

"Mosi, inuka!" Mjomba akasema. "Mtoto yuko hai."

"Maiti haongei na waliomuua. Nani ana jembe? Mchimbe mapema, huyu mjomba wake ana kiuno kibovu, hatasaidia."

Watu waliokuja kuona wagonjwa wao wakasikia, wakaja. Kina mama wa sokoni wakaja wakilia bila kujua wanamlilia nani. Mmoja akaweka maharage kando yangu, Mwaisha mkungu wa ndizi, mwingine sukari imefungwa kwenye gazeti. Nikiwa chini ya shuka nilikuwa nahesabu kwa harufu. Kikao kikazama katikati ya matanga. Katibu akijaribu kusoma habari za kijito, anapewa pole.

"Basi, basi!" Mjomba akanyanyua mikono. "Mtani, nakukomboa. Jogoo mmoja."

"Sitaki."

"Jogoo wawili. Na beberu."

"Sitaki mnyama." Nikafunua shuka usoni, nikamtazama. "Maiti hii inakombolewa kwa damu. Chupa mbili. Ya kwanza itoke kwako."

Hata kina mama wa sokoni wakaacha kulia. Mjomba Agustino akafungua mdomo kukataa, na kabla neno halijatoka, mkubwa wa wanawake wa ukoo, Bibi Esther, akamgusa goti.

"Agustino. Mtani ameshataja. Au na wewe unataka kwenda kuzunguka Kinole?"

Mzee alisimama. Alitembea mpaka maabara kama anakwenda kunyongwa, akakunja mkono wa shati, akafumba macho.

"Funika hiyo chupa," akamwambia Pazi. "Isinitazame."

Ikapimwa, ikaoana. Ya pili akatoa Bibi Esther kwa masharti kwamba asiambiwe ana umri mkubwa. Baada ya hapo ukoo mzima ukapanga foleni, hadi Pazi akaanza kuwafukuza.

Mlango wa upasuaji ukafungwa. Mjomba alikaa chini karibu yangu, mimi bado nimejilaza, maana sikuona sababu ya kuinuka kabla matokeo hayajajulikana. Aliniwekea mkono juu ya shuka, kama vile mimi ndiye Cecilia.

Daktari Shadya alitoka jua likiwa bado juu upande wa Mzinga, kofia ya kitambaa imemkaa upande.

"Yuko hai," alisema kwanza, na wale kina mama wakalia upya, safari hii wakijua. Kisha akaeleza. "Nilitegemea kuikuta kwenye mrija, ndiko zinakokaa nyingi. Mirija yote miwili mizima. Ilikuwa imejishika kwenye kifuko cha mayai chenyewe, cha kushoto, na imekipasua. Hiyo nilikuwa naijua vitabuni tu. Nimekata kipande kile kama unavyotoa jicho bovu kwenye kiazi, nikashona. Kifuko kimebaki. Cha kulia kizima. Mfuko mzima. Mzee, nyumba ya dada yako iko wazi."

Mjomba Agustino akavua kofia. Sikujua kama ni shukrani au anafungua kikao kingine.

Wilfred akanivuta pembeni. "Mtani, mimi si mjinga. Nilijua pale pale kwamba yule si kipa."

"Sasa?"

"Apone kwanza. Tutagombana tukishauza kabichi."

Baada ya wiki nne Cecilia alirudi hospitali kupimwa tena mkojo, maana Daktari alitaka kuhakikisha hakuna kilichobaki. Mkojo haukuwa na habari tena ya mimba. Akaja pale nilipoegesha gari, amenenepa, akifuatana na mjomba wake.

"Mtani, maharage ya msiba wangu yako wapi?"

"Yaliliwa na waombolezaji."

"Na ndizi?"

"Hao hao."

"Na sukari? Mwaisha ameniambia ulikuwa unailamba chini ya shuka."

"Maiti naye ana njaa, mtani."

"Kwa hiyo umekula rambirambi zangu nikiwa hai." Akazunguka gari, akatazama huku na huku, macho yakatua chini ya gurudumu. "Basi mimi nachukua jiwe."

Akainama. Dirisha la wodi likafunguka kwa kishindo. "Cecilia! Nilikukataza kubeba vizito!"

"Silibebi, Daktari! Mjomba, lichukue."

Mjomba Agustino akanitazama kwa furaha ambayo alikuwa ameitunza wiki nne nzima. Akaling'oa lile jiwe, akaliweka begani, wakaondoka kuelekea stendi. Gari nalo likaondoka, polepole, peke yake, kwa adabu. Lilipatikana Dakawa, limesimama katikati ya mpunga, na mwenye shamba alishalitangazia siku saba lihame.

Sikukasirika. Hairuhusiwi.