Tone la Kadi Namba 61

Saa mbili na dakika saba asubuhi, siku ya Jumanne, tone la kwanza kati ya matone manne ya damu kwenye kadi namba 61 lilikuwa bichi. Kadi hiyo ilifika maabara Ijumaa ikiwa imekauka, ndani ya bahasha yake, na ilikaa siku nne kwenye jokofu. Mtaalamu wa maabara aliyeitoa, mwanamke ambaye wenzake walimwita Mama Pacha kwa sababu ya wanawe wawili, aliligusa tone kwa ncha ya karatasi nyeupe. Karatasi ikanyonya wekundu. Aliandika kwenye daftari la siku, "61, tone la 1, limelowa," kisha akaenda kunawa mikono.

Fundi wa mashine ya kupimia alikuja kuangalia. Huyu aliitwa Mzee Desimali, kwa kuwa hakukubali jibu lolote lisilokuwa na nukta na tarakimu tatu baada yake.

"Jokofu linavuja?"

"Halivuji. Zile sitini nyingine ni kavu kama biskuti."

"Basi ni lenyewe."

"Ni lenyewe."

Saa mbili na dakika hamsini tone lilikuwa limekauka. Saa tano na dakika kumi lililowa tena, likakauka. Saa nane na robo lililowa tena. Mama Pacha aliziangalia saa hizo tatu zilivyopangana kwenye daftari. Aliwahi kuishi kwa saa za namna hiyo kwa miezi minane, mara mbili yake, kwa kuwa wanawe hawakuwahi kuona njaa kwa pamoja.

"Huyu ananyonya," alisema.

"Mara tatu kwa zamu yetu tu," Mzee Desimali alisema. "Wangu wa mwisho alikuwa hivyohivyo. Alinyonya kama mtu aliyeambiwa titi linahama kesho."

Utafiti ulikuwa wa watoto mia tisa. Kila mtoto alichomwa kisigino siku ya tatu baada ya kuzaliwa, katika kliniki moja kati ya saba, na damu yake ikakaushwa kwenye kadi yenye namba na tarehe, bila jina. Kilichotafutwa ni magonjwa ya kurithi ya umetaboli, yaani ya namna mwili unavyotumia chakula. Baba na mama, wote wazima, kila mmoja hubeba nakala moja mbovu ya maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya fulani. Mtoto akipokea mbovu zote mbili, mwili wake hushindwa kuvunja sehemu ya chakula, na sehemu hiyo hugeuka sumu. Kwa baadhi ya watoto hao sumu huanzia kwenye maziwa ya mama. Tiba ipo. Ni maziwa ya unga yaliyoondolewa ile sehemu ya protini ambayo mwili hauiwezi. Makopo kumi na mawili yalikuwa stoo, yakisubiri awamu ya pili.

Kupima kulikuwa na utaratibu wake. Mashine ilipokea sahani yenye vishimo tisini na sita, sita vya kulinganishia na tisini vya watoto. Sahani haikuingizwa mpaka vishimo vyote vijae, kwa kuwa kemikali zinazotumika ni zilezile, iwe imejaa au nusu. Siku hiyo kadi zilikuwa sitini na moja. Kwa mwendo wa kliniki, ishirini na tisa zilizobaki zingetimia baada ya wiki tatu. Ugonjwa mkali kuliko yote waliyokuwa wakiyatafuta huua ndani ya wiki mbili. Mambo hayo mawili yalikuwa yameandikwa kwenye pendekezo lilelile la utafiti, moja ukurasa wa tisa na jingine ukurasa wa thelathini na moja. Wasomaji kumi na wanne walilipitisha.

Jioni hiyo Profesa, mkuu wa utafiti, alilitazama tone likikauka, akavua miwani, akaivaa.

"Kadi kavu zinasubiri sahani," alisema. "Damu mbichi haikutajwa popote. Ipimeni kila inapolowa, na usiku wekeni kamera."

Jumatano saa tatu na nusu asubuhi mashine ilitoa jibu la kwanza. Lusini, ile sehemu ya protini inayogeuka sumu, ambayo kwa mtoto mwenye afya haifiki mia tatu, ilikuwa 1,140.218. Mama Pacha alirudia kipimo mara tatu. Baada ya mara ya tatu alikaa kwenye stuli.

"Mashine imekosea?" aliuliza.

"Mashine yangu?" Mzee Desimali alisema. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haijakosea, mama."

Profesa aliitwa. Aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Profesa, tufungue majina," Mama Pacha alisema.

"Majina yako kwa katibu wa kamati ya maadili. Yanafunguliwa utafiti ukiisha."

"Utaisha mwakani. Huyu ana siku tisa."

"Mama, mimi si jiwe. Nikifungua jina moja kwa ajili ya tone ambalo halina kanuni, wakaguzi watazifuta kadi zote, na hao wengine nao wana mama zao. Andika kwa kamati. Nitasaini leo hii."

Alisaini siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka alitazama mchoro ulioanza kujengeka kwenye kompyuta, nukta moja kwa kila mnyonyo.

"Wenzetu wanachoma mtoto mara nane kwa siku ili wapate mstari kama huu," alisema. "Sisi hata sindano hatujashika."

Katibu wa kamati alipokea simu ya Mama Pacha saa sita kasoro dakika kumi.

"Hiyo ni fomu namba nne, dharura ya mshiriki," alisema. "Inataka saini ya mzazi."

"Mzazi simjui. Ndiye ninayemtafuta."

"Basi fomu haijakamilika, dada yangu."

"Majina si unayo hapo?"

"Ninayo. Yamo kwenye kabati nyuma yangu."

"Si ugeuke tu?"

Mama Pacha alisikia kiti kikilia.

"Nimegeuka," katibu alisema. "Limefungwa. Kufuli ni mbili. Ufunguo mmoja ninao, wa pili anao mwenyekiti, na mwenyekiti anarudi Jumatatu."

"Mtoto hatafika Jumatatu."

"Naelewa. Andika hivyo kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Ila isizidi mistari mitano."

Mchana Mama Pacha alipigia simu kliniki zote saba. Aliuliza habari za mtoto wa siku tisa anayelegea na kuanza kukataa titi. Wauguzi walimjibu kwa upole. Watoto wa umri huo walikuwa nyumbani kwao, hawarudi kliniki kabla ya wiki ya sita. Muuguzi wa kliniki ya nne alicheka kidogo.

"Mwenzangu, wa siku tisa wote wanalala. Ungesema anayelia ningekutafutia."

Baada ya simu ya saba alitaka kuandika tarehe kwenye daftari na hakuikumbuka. Mzee Desimali alimtajia.

Alhamisi tone lililowa saa moja asubuhi, kisha saa sita, kisha halikulowa tena mpaka kumi na moja jioni. Vipimo vilikuwa 1,902.447, 2,215.060 na 2,388.931. Mtoto alikuwa anapunguza kunyonya na sumu inapanda, kwa sababu mwili usiopata chakula huanza kula misuli yake wenyewe, na misuli nayo ni protini. Hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa kumi wa pendekezo. Profesa alileta mgeni kutoka idara nyingine, wakasimama mbele ya mchoro, na mgeni akasema hajawahi kuona mstari safi namna hiyo. Mama Pacha alikuwa nyuma yao na pipeti mkononi. Aligundua kwamba mstari ni safi kwa sababu yeye huchukua damu kila tone linapolowa bila kuchelewa hata dakika moja. Alitoka akaenda kusimama nje.

Aliporudi alimkuta Mzee Desimali ameinamia kadi. Kopo moja la maziwa ya awamu ya pili lilikuwa mezani, limefunguliwa. Alikuwa amekoroga kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu, na kwa pipeti alidondosha kwenye kadi tone moja, pembeni ya damu, kisha la pili.

"Halitamfikia," Mama Pacha alisema.

"Najua."

"Sasa unafanya nini?"

"Nampa," Mzee Desimali alisema.

Walisubiri dakika arobaini. Karatasi ilikuwa na doa jeupe. Kipimo kilichofuata kilikuwa 2,431.776. Mzee Desimali aliandika kwenye daftari la stoo kwamba kopo moja limefunguliwa kwa makosa, akaweka jina lake.

Ijumaa tone lilikuwa bichi mfululizo tangu alfajiri. Saa nne na dakika ishirini na sita lilianza kukauka kutoka kingoni kuelekea katikati. Mama Pacha alikuwa amelishikia kioo cha kukuzia. Saa nne na dakika thelathini na moja lilikuwa kavu, la kahawia kama yale mengine matatu. Aliendelea kushika kioo. Mzee Desimali alikaa karibu naye na hakuwasha mashine. Saa saba hakuna aliyekwenda kula. Tone halikulowa saa hiyo, halikulowa saa kumi, na picha za kamera za Jumamosi na Jumapili zilionyesha kadi kavu.

Jumatatu mwenyekiti alirudi. Kamati ilikaa saa nne, ikaona kwamba ombi limepitwa na wakati, ikampongeza mtaalamu wa maabara kwa uangalifu. Iliagiza pia uandikwe utaratibu. Profesa aliuandika, ukurasa mmoja: kadi inayolowa yenyewe isifutwe, ipimwe kabla haijakauka, iwekwe kwenye trei ya peke yake. Trei mbili zilinunuliwa. Majina yalibaki kabatini. Kadi ya tisini ilifika wiki mbili baadaye, sahani ikajaa, ikapimwa. Majibu ya damu kavu ya 61 yalionyesha ugonjwa uleule na ya damu mbichi, jambo lililomfurahisha Profesa.

Kila kliniki ilikuwa na kazi ya kupiga simu moja kwa kila mama siku ya ishirini na nane, kwa namba ya simu iliyotolewa na katibu siku hiyo tu, na kutuma maabara karatasi ya majibu, yenye namba tu. Karatasi ya 61 ilikuja pamoja na nyingine kumi. Muuguzi alikuwa ameijaza kwa mwandiko mzuri.

"Mshiriki anaendelea na utafiti: Hapana. Sababu (kuhama, kutoridhika, nyingine): Nyingine. Maoni ya mzazi: Mtoto alifariki Ijumaa asubuhi akiwa na siku kumi na moja. Anasema huyu ni wa pili kuondoka hivi. Ameuliza kama majibu ya damu yalikuwa mazuri. Nimemweleza kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja hayatolewi. Ameuliza kama akijaliwa mwingine anaweza kumleta. Nimemwambia nafasi zipo. Ameshukuru."

Mama Pacha aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Saa tisa na dakika ishirini aliweka saini mahali palipoandikwa "Imepokelewa."