Ngoma za Breki za Gari la Mama

Vumbi jekundu la kutu lilitanda kwenye mwanga wa mlango wa gereji, na Vernita Gaines alisimama katikati yake akitabasamu. Nyuma ya nyumba yao, mjini Flint, lilioza gari refu la marehemu Mama, la kubebea watoto saba na sufuria za kanisani. Majirani waliliita takataka. Lakini ngoma zake za breki, yale makopo ya chuma yanayozunguka na magurudumu, zilikuwa na upana wa inchi kumi na moja. Kumi na moja!

Gari la Baba, jeusi, la mwaka sitini na nane, lilikuwa na injini ya kutikisa madirisha ya mtaa mzima na breki za kusimamisha baiskeli tu. Ngoma zake zilikuwa inchi kumi. Wiki iliyopita kaka yake, Roscoe, mwenye haraka zake, alichomoa ngoma za Mama akazivalisha juu ya viatu vidogo vya breki vya gari la Baba, vile vipande vinavyotanuka kuibana ngoma kwa ndani. Viatu havikuzifikia ngoma. Pedali ikazama hadi sakafuni, na gari likaenda kulala kwenye mawaridi ya jirani.

"Mimi nimechoka," Roscoe alisema, akabandika tangazo la kuliuza kwenye kioo cha gari. "Jumamosi lisiposimama kabla ya sanduku la barua pale mwisho wa njia, linaondoka."

Vernita akarudi kwenye gari la Mama. Safari hii alichukua kila kitu: viatu vipana, springi, hata bati la nyuma linalovishika vyote. Boliti tano, matundu matano, vikaingiana bila kubembelezwa. Vumbi la ndani, lenye sumu kwa mapafu, hakulipuliza. Alilipangusa kwa kitambaa kibichi, kama Baba alivyomfundisha. Gari la kudharauliwa lingelitia adabu gari la kusifiwa.

Jumamosi Roscoe alisimama kando ya sanduku la barua, mikono kiunoni.

"Dada, breki za kubebea sufuria za maharage?"

"Na hazikumwagika hata siku moja! Sogea pembeni, mtu mzima."

Alikuja kwa kasi kwenye njia ya changarawe, injini ikinguruma, moyo nao ukinguruma. Kumi na moja, alinong'ona. Kumi na moja, Mama. Akakanyaga.

Gari likainamisha pua, likanyooka, likasimama hatua mbili kabla ya sanduku.

Vumbi lililokuwa likilifuata lilipitiliza, jeupe, likamshukia Roscoe kofiani, mabegani, hadi kwenye kope. Hakulipangusa. Alikwenda hivyo hivyo hadi kwenye kioo, akabandua tangazo.