Kitambaa Juu ya Oveni

Nyumbani kwa Bi Mwantumu, pale Majengo mjini Mbeya, hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilivaa, televisheni ilivaa, friji lilivaa, na hata mtungi wa gesi ulikuwa na gauni lake la maua. Vitambaa vyote hivyo alivifuma mwenyewe kwa uzi wa nailoni, vyeupe, vyenye shada pembeni, na mgeni aliyeingia bila kuvisifia alihesabiwa kuwa hakulelewa. Mkono wake ulikuwa mzuri kweli, hilo hakuna wa kumnyima.

Basi mwanawe Junaid, anayeuza vipuri vya magari Mbalizi, alipoleta oveni ya maikrowevu, ile inayopasha chakula na kuoka pia, mama hakuuliza inawashwaje. Aliipima juu kwa shubiri, akakaa chini kufuma. Wala oveni haikupelekwa jikoni. Kitu cha thamani namna ile kikafichwe kwenye masizi, nani akione? Iliwekwa sebuleni juu ya kabati la vyombo, ikasukumwa kwenye kona mpaka mgongo ukagusa ukuta, ikavalishwa kitambaa kikubwa kuliko vyote, shada zikining'inia kila upande.

Aliyeitumia ni Mbuke, mke wa Junaid. Mbuke ni binti wa Kisukuma, wa watu waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaingia bonde la Usangu. Baba yake, Mzee Masunga, yuko Madibira, nusu mfugaji, nusu mkulima wa mpunga. Binti alisomea mapishi katika chuo kimoja cha hoteli Iringa, na huko ndiko alikoonana na Junaid. Akasilimu, wakaoana. Bi Mwantumu hakuwahi kumtamkia mkwewe neno baya. Neno baya alikuwa nalo, ila alilihifadhi vizuri.

Kila akitaka kuoka, Mbuke alikikunja kitambaa, akakiweka kando, kisha akaivuta oveni mbele mpaka mkono upite nyuma yake. Siku ya kwanza alieleza kwa adabu.

"Mama, hii inapumua. Ina matundu huku juu na huku nyuma. Ikiwa inaoka, feni ndani inazungusha moto, na joto linatokea hapa. Tukiyaziba, inajichoma yenyewe."

"Sawa, mwanangu," Bi Mwantumu alisema.

Lakini alichosikia ni kwamba kitambaa chake ni takataka. Maisha yake yote alikuwa ameoka mkate wa kumimina kwa mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Joto la juu kwake lilikuwa upishi, tena upishi wenyewe, na leo binti wa machungani aje kumwambia moto unataka kupumua. Mbuke akimaliza kuoka tu, hata bati halijapoa, mama alikuwa ameshairudisha kwenye kona na kuivalisha. Mbuke alikuwa akiona, anavuta pumzi, anakwenda kufuta mafuta yaliyorukia ndani na kuosha sahani ya kioo. Vita hivyo viliendelea kimyakimya, na kila mmoja alimwita mwenzake mama na mwanangu.

Ikafika siku ya posa ya Asmaa, kitinda mimba wa Bi Mwantumu. Wageni walitoka Iringa, wakiongozwa na Shufaa, dada wa marehemu mume wa Bi Mwantumu, ambaye ndiye aliyewatafuta watu hao na ndiye aliyewasifia nyumba hii mpaka akatia chumvi. Bi Mwantumu alitaka kila kitu kionekane. Akaagiza kuku waokwe kwenye oveni, pale pale sebuleni, ili wageni wakute harufu.

Mbuke akawapanga kuku, akakikunja kitambaa, akaivuta oveni mbele, akaiwasha kwa kuoka.

"Mama, tuiache wazi hivi hivi mpaka nije kuizima," alisema, akaenda jikoni kutazama pilau.

Muda si muda Bi Mwantumu akasikia gari linazimwa nje na sauti ya Shufaa ikikaribisha watu kama nyumba ni yake. Akageuka kuitazama sebule yake mara ya mwisho. Redio safi, televisheni safi, friji safi. Na pale kwenye kabati, bati jeusi limejitokeza mbele, uchi, na waya unaning'inia nyuma. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Aliisukuma kwenye kona, akaitandaza nguo yake, akaziweka shada sawa. Aliyakumbuka maneno ya Mbuke wakati mkono uko juu ya bati. Aliyakumbuka barabara. Akajisemea ni kidogo tu, wakishakaa nitaitoa.

Wakakaa, lakini hakuitoa. Mama wa mposaji, mwanamke mpole mwenye miwani, alikuwa ameanza kusifia vitambaa, na mtu hawezi kuvua kitambaa kinachosifiwa.

Harufu ilianza kama ya kuku, ikageuka kuwa ya plastiki. Moshi mweusi ukatambaa darini. Mgeni mmoja akakohoa, wengine wakainuka. Mbuke alitoka jikoni mbio, akazima kwenye swichi ya ukutani, akachomoa waya, akawaomba watu wasogee nje. Asmaa alikuja na ndoo ya maji, Mbuke akamzuia kwa mkono. Mlango wa oveni hakuufungua, aliuacha umefungwa mpaka moshi ukaisha. Kisha akalikamata lile donge la nailoni lililoyeyuka juu ya bati, akalibandua kwa tambara bichi. Akalitazama. Akamtazama mama mkwe mara moja tu, akalikunjia donge ndani ya tambara ambapo wageni hawakuliona.

Shufaa ndiye aliyesema kwanza.

"Msishangae, jamani. Mashine hizi si kama kukamua ng'ombe."

Baadhi ya wageni wakacheka kidogo. Kisha wote wakamtazama mwenye nyumba, wakimngoja. Bi Mwantumu alijua kabisa anachotakiwa kusema. Akatabasamu.

"Mtoto bado anajifunza," alisema.

Jinsi lilivyotoka, lilikuwa neno zuri. Mama wa mposaji alitikisa kichwa kwa kupendezwa, akamwambia jirani yake kwamba wakwe wenye huruma hivi ni wachache. Mbuke akasema, "Nisameheni," akaenda kupakua pilau. Posa ikakubaliwa.

Tangu hapo neno lile halikumwacha Bi Mwantumu. Akipika lipo, akiswali lipo, tena akiwa kwenye sijida ndipo linapokuja na sauti yake mwenyewe, tamu, yenye tabasamu. Roho ilimsuta. Aliona aibu kula mbele ya Mbuke, akawa anasingizia tumbo. Junaid aliikagua oveni, akaona bati limebabuka na feni haizunguki, akamgeukia mkewe. Mama aliwasikia kupitia ukutani.

"Si umesomea mambo haya? Ulisahau nini?"

Zikasikika nyayo za Mbuke zikielekea jikoni. Bi Mwantumu aliinuka kitandani, akafika mlangoni, akashika kitasa. Akarudi. Akajiambia atasema kesho, na kesho akasema keshokutwa, na kadiri alivyochelewa ndivyo kosa lilivyozidi kunona. Kwanza lilikuwa kosa la kitambaa. Sasa lilikuwa kosa la kunyamaza, na hilo halina maelezo.

Mbuke aliendelea kumletea chai kila asubuhi. Aliiweka mezani, akasimama kidogo, kisha akaondoka. Bi Mwantumu alidhani anasimama kwa chuki, na kwa aibu hakuinua macho.

Shufaa kwa upande wake hakuwa na aibu ya kumzuia. Alirekodi kisa kizima kwa sauti yake, na vicheko vyake, akakituma kwenye kundi la simu la ukoo. Sauti ikaruka kutoka simu hadi simu, na wafanyabiashara wa mchele wakaifikisha Madibira. Ndipo siku moja Mzee Masunga akampigia Junaid simu kwamba yuko njiani.

Alifika asubuhi jua likiwa limeshapanda. Siku hiyo Shufaa alikuwepo, amekuja tena kupanga siku ya mahari. Mzee Masunga aliingia amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, viatu kaviacha nje, na begani kiroba cha mchele. Nje kwenye mti wa uani alikuwa amemfunga kondoo dume. Akakaribishwa kiti, akakikataa. Akakaa kwenye mkeka.

"Mama Junaid," alisema, "nimekuja kwa sababu ya huyu mtoto. Ninyi mlimpokea, mkamfanya wenu. Yeye akaja akaunguza kitu chenu, tena siku ya wageni. Kwetu sisi, mtoto akiharibu kwa watu, baba haongei kwenye simu. Anakuja. Kondoo yuko pale nje, mchele ndio huu. Mama yake huko analia tu, anasema tumemlea vibaya. Mimi naomba kitu kimoja. Msimchoke."

Bi Mwantumu alitazama ile mikunjo ya shati, akamwona mwanamke fulani huko Madibira, asiyemjua vizuri, akipiga pasi huku analia. Uso ukamwaka. Maneno ya kujibu alikuwa nayo tayari mdomoni: yamekwisha mzee, hayo ni mambo ya kawaida, mtoto ni wetu sote. Yangemtoka vizuri kama yale ya kwanza. Kondoo angechinjwa, Shufaa angesimulia Iringa nzima jinsi wifi yake anavyosamehe. Mbuke aliingia na maji ya kunywa kwenye sinia, akapiga goti mbele ya baba yake, akampa bilauri kwa adabu yake yote, na hakumtazama mtu.

"Mzee Masunga, kaa kwenye kiti," Bi Mwantumu alisema.

"Hapa pananitosha, mama."

"Basi nami nishuke."

Akashuka kwenye kochi lake, akakaa mkekani, magoti yakilia. Shufaa akamwangalia kana kwamba amepandwa na kitu.

"Hakuunguza yeye," Bi Mwantumu alisema. "Niliunguza mimi. Aliniambia nisiifunike ikiwa inaoka, aliniambia siku ya kwanza na akaniambia siku ile ile. Nikaifunika, nikaisukuma ukutani, ili wageni wasiione iko uchi. Yeye alikuwa jikoni. Watu walipomcheka nilikaa nikatabasamu, nikasema mtoto bado anajifunza."

"Wifi, unasema nini wewe?" Shufaa aliuliza.

"Nasema nilichofanya. Nawe utakisema kwenye lile kundi lako, kwa sauti ile ile."

Junaid alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamisha kichwa, akaanza, "Mbuke, mimi nili..."

"Wewe tutaongea," Mbuke alimkata, bila ukali.

Mzee Masunga alikuwa bado ameshika bilauri ya maji. Hakumtazama Bi Mwantumu, alimtazama binti yake.

"Ng'wanone, mwanangu, ulijua?"

"Nilijua, baba. Kitambaa nilikibandua mwenyewe."

"Ukanyamaza. Ukaniacha nikatoka Madibira na kondoo."

"Baba, ningesema siku ile, ningekuwa nimemuumbua mama mbele ya wakwe wapya wa Asmaa. Na hata wewe ulipopiga simu, niliona si langu kusema." Akamgeukia mama mkwe. "Nilikuwa nakungoja, mama. Si mbele ya watu. Hata chumbani, hata kwa kunong'ona. Kila asubuhi nikikuletea chai nilisimama pale nikakungoja."

Bi Mwantumu alitamani ardhi ipasuke. Kwa siku zote zile alikuwa ameogopa kushtakiwa, kumbe alikuwa anangojwa. Alijifunika uso kwa ukaya, mtandio wake wa kichwani, akalia kwa sauti ya mtu asiyejali tena nani anamwona, na akaomba msamaha kwa mzee, kwa mwanawe, na kwa Mbuke, ambaye alimtaja mara nyingi kuliko wengine.

Mzee Masunga alikunywa maji yake mpaka mwisho ndipo akasema.

"Mimi nimesikia, mama, na nashukuru umesema. Lakini mama yake hajasikia. Nitaondoka na huyu akakae na mama yake kidogo. Atarudi akitaka."

Neno "akitaka" lilimchoma Bi Mwantumu. Mbuke akaenda kufunga begi. Junaid alilipokea begi mlangoni akalibeba, na kule uani mzee alikuwa anamfungua kondoo wake. Bi Mwantumu aliwafuata nje peku, ukaya ukiburuzika nyuma yake.

"Nitakuja mwenyewe Madibira," alisema. "Nitamwambia mama yako kila kitu. Nitamletea khanga, nitamletea sukari, na kile kitambaa cha meza ambacho..."

Mbuke alisimama. Akarudi hatua mbili, akaushika mkono wa mama mkwe, na hakukuwa na hasira usoni mwake, uchovu tu.

"Usibebe kitu, mama. Ukija na zawadi, mama yangu ataanza kukushukuru kabla hujasema lolote. Nawe nakujua, utaitikia."