Sauti Huenda na Mizigo

Nianze kwa kujisahihisha. Watu kadhaa niliwaambia kwamba shirika lile la ndege za bei chee lilimwibia Mnadi sauti yake. Nilikosea. Halikumwibia. Aliikabidhi mwenyewe kaunta, kwa hiari yake, na stika akapewa. Wanasheria wa shirika wakipita hapa, waone kwamba mimi si mtu wa kukuza mambo.

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ya kawaida. Mzee mmoja alikuwa amevaa makoti matatu ili begi lake lipungue uzito. Mama mmoja alikuwa akibishana na mwanawe nani avae viatu shingoni. Mnadi alifika kaunta na mkoba mmoja tu, akiamini kwamba leo amewaweza. Jina hilo lilitokana na kazi: alikuwa akinadi samani kuukuu, na kwa sauti yake mtu angenunua kabati lisilo na milango akarudi nalo nyumbani anacheka.

"Shikamoo mama. Una mizigo miwili," alisema binti wa kaunta.

"Marahaba. Miwili ipi, mwanangu? Au na hili umbo umelihesabu?"

"Hapana, mwili umo kwenye tiketi. Una mkoba na una sauti. Tiketi yako inaruhusu kimoja kiingie ndani. Kingine kinakwenda chini na mizigo, au uongeze hela."

Utaratibu huo uliletwa na Mkuu wa Mikakati, kijana wa suti ya kubana ambaye wenzake walimwita Punguza. Punguza alikuwa amegundua kwamba abiria asiye na sauti haombi maji, haulizi kwa nini ndege imechelewa, na hagombani na mhudumu. Na asiyelalamika ameridhika. Tangu sauti zianze kusafiri chini, mstari wa kuridhika kwa wateja ulipanda kwenye chati mpaka ukatoka nje ya karatasi, ukaendelea ukutani. Wafanya usafi walikuwa wakiupangusa kila jioni, na asubuhi wanaukuta umefika darini.

Mnadi alifikiri kidogo. Ndani ya mkoba mlikuwa na mtandio wa marehemu mama yake, na vitu vya watu hupotea. Lakini sauti, nani aibe sauti? Akainamia mfuko wa plastiki, akakohoa mara moja, sauti ikatoka nzima. Mfuko ukafanya ukungu. Binti akaufunga fundo, akabandika stika. Mnadi alitaka kuuliza ikipotea inakuwaje, lakini muda wa kuuliza ulikuwa umeshapita.

Alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake, fundi saa, aliyelazwa na jioni hiyo anapasuliwa moyo. Walikuwa hawaongei tangu mazishi ya mama yao, ambayo fundi saa hakuyawahi. Alijitetea kwamba alikata tiketi ya shirika hilohilo, ndege ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka mama akazikwa yeye amekaa kwenye kiti cha bati uwanja wa ndege.

"Ndege gani hiyo inaahirishwa kama harusi ya mlevi?" Mnadi alimwambia mbele ya ukoo mzima. "Mwongo mkubwa wewe!"

Baada ya hapo, kimya. Kumwamini alikuwa ameshamwamini siku nyingi, ila kiburi hakikumruhusu kusema. Ndipo juzi mdogo mtu akatuma ujumbe kupitia kwa mkewe: "Dada, naingia kupasuliwa. Sukari imenimaliza macho, kwa hiyo usiandike. Njoo uniambie kwa mdomo wako kwamba unaniamini." Mnadi akalia, akanawa uso, akakata tiketi ya shirika lilelile. Katika ukoo ule hajazaliwa mtu wa kuiona bei chee akaiacha ipite.

Waliposhuka, mkanda wa mizigo ulizunguka. Kilio cha mtoto kilitokea, kikadakwa na mama yake. Akatokea mhubiri, yaani sauti yake, ikifuatiwa na kicheko ambacho watu wawili walikigombania. Ya Mnadi haikutokea. Mkanda ukasimama.

Kwenye dirisha la huduma kwa wateja palikuwa na pazia na kibao: "Malalamiko hupokelewa kwa simu tu. Mwenye mali azungumze mwenyewe." Mnadi akapiga.

"Asante kwa kutupigia," ilijibu sauti yake mwenyewe. "Simu yako ni muhimu sana kwetu. Tafadhali usikate."

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliona wamempunguza kasi kidogo, lakini kazi ilikuwa safi.

"Wamekuchukua mapokezi?" aliuliza mfagiaji aliyekuwa karibu. "Una bahati, mama. Ya shemeji yangu iko kwenye lifti."

Mambo yalikuwa hivi: sauti zilizopotea hazikutupwa. Kuajiri watu wa simu ni gharama, na Punguza hakupenda kitu kikae bure. Ilitokea tu kwamba sauti nzuri zilipotea kwa urahisi kuliko mbovu.

Hatimaye mtu wa kweli akapokea. "Karibu mteja, jieleze." Mnadi akafungua mdomo. "Halo? Halo? Haya, asante kwa kuridhika nasi." Simu ikakatwa, na ule mstari kule ofisini ukasogea juu kidogo.

Hospitali, fundi saa alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani. Mnadi akamshika mkono.

"Nani huyu?" aliuliza fundi saa.

"Ni wifi," alisema mkewe, ambaye Mnadi alikuwa amemwandikia mkasa wote kwenye karatasi. "Sauti yake imepotelea kwenye ndege."

"Acha utani, mke wangu. Umechukua nesi anishike mkono ili niingie nimetulia. Dada yangu anyamaze? Hata akilala anakoroma."

Mnadi akamtandikia mtandio kifuani. Fundi saa akaunusa.

"Wa mama huu."

"Ameuleta wifi."

"Ameutuma. Kutuma si kuja."

Wauguzi wawili waliingia, wakaachia breki za kitanda. Mnadi akatoa simu, akapiga ile namba, akaiweka kwenye sikio la mdogo wake.

"Asante kwa kutupigia," ilisema sauti. "Tunathamini sana kuwa nawe. Tafadhali usikate."

Fundi saa akashtuka kama mtu aliyeamshwa kwa jina lake. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Dada! Kumbe umekuja kweli, sauti ndiyo imebaki kwao."

Muziki ukaanza, ule wa kinanda. Kitanda kilikuwa kinasukumwa. Mnadi alitembea pembeni yake, mdomo wazi, mkono juu ya mtandio.

"Unausikia huo muziki?" alisema fundi saa. "Ndio huohuo. Siku ya mazishi ya mama niliusikiliza mpaka chaji ikaisha. Nikikwambia, unaniita mwongo."

Walifika kwenye milango miwili ya kusukuma. Muuguzi akasema wenye miguu yao waishie hapo, mgonjwa amalize maongezi.

"Basi sema, dada," alisema fundi saa kwenye simu. "Sema unaniamini. Hata kwa kifupi."

Kinanda kikaendelea.