Ulimi wa Mzee Basili

Kibosho nzima walijua kwamba mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haijaiva mpaka Mzee Basili aseme imeiva. Uwe unabatiza mtoto, unaoza binti au unamaliza matanga, ulipeleka kata moja kwake kwanza. Naye angeinusa, angeizungusha, angemeza funda moja, kisha angetazama juu migombani kana kwamba hukumu imetundikwa huko. "Ulezi haukukauka vizuri," angesema. Au, "Ndizi hizi mlizipika kabla hazijakubali." Watu walimwita Ulimi, na yeye, ambaye hakuwahi kuwa mwenyekiti wa chochote, si wa ushirika wa kahawa wala wa jumuiya ndogondogo, alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatiziwa.

Basi fikiria hali yake mafua yalipomkamata wakati wa Kwaresima, yakamlaza, na yalipoondoka yakaondoka na kila kitu. Kahawa haikunukia tena. Mtori ulikuwa uji wa moto, na mbege ilikuwa maji mazito tu. Alisubiri. Alijifukiza kwa majani ya mkaratusi, alitafuna tangawizi, alisali novena ambayo hakumwambia mtu ni ya nini. Pasaka ikafika, ikapita. Ulimi ulikuwa umekufa, na mwenyewe akauzika kimyakimya bila kumwalika mtu.

Mwenye busara angesema. Mzee Basili alikuwa na busara tele, ila zote zilikuwa za kuwagawia wengine. Aliogopa. Aliiona siku ambayo kata zingepita mbele ya mlango wake zikielekea kwa mtu mwingine, naye angebaki mzee kama wazee wengine, wa kuulizwa habari za mvua na za magoti. Wazo hilo lilimnyima usingizi kuliko mafua yenyewe.

Kilichomwokoa ni desturi. Kwa Wachagga, aliyepika pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya wageni, waone kwamba hakuna kitu kibaya alichotia, ndipo kata ipite. Basili alikuwa ameitazama desturi hiyo maisha yake yote bila kuitilia maanani. Sasa aliipenda ghafla. Mama aliyeleta pombe alipoonja, Basili aliangalia mashavu. Yakilegea, pombe ni nzuri. Nyusi zikikutana, kuna tatizo, na tatizo la mbege ni ama ndizi, ama ulezi, ama maji. Ukitaja mojawapo kwa sauti ya uhakika, mpishi mwenyewe atakusaidia kulitafuta. "Ulezi," angesema Basili, na mama wa watu angejishika kifua: "Jamani, umejuaje?"

Rahisi kusomeka kuliko wote alikuwa mke wake. Elinipendo alikuwa binti wa Kilutheri kutoka Machame aliyeolewa kwa Wakatoliki wa Kibosho, na katika miaka yote hiyo kitu pekee ambacho mawifi hawakuwahi kukibishia ni mbege yake. Alionja, uso ukatulia, na Basili akasema, "Safi kabisa, Mama Godlove." Kila mara ilikuwa hivyohivyo, safi kabisa.

Mambo yangeendelea hivyo kama si Wilson. Huyu alikuwa kijana wa jirani, anayepandisha watalii mlimani. Mmoja wa wageni wake alimfundisha kupika bia nyumbani kwa ndoo na sufuria, na Wilson aliporudi mjini Moshi akaambukiza nusu ya marafiki zake. Sasa walikuwa na chama. Walikutana uani kwake mtaa wa Soweto, kila mtu na chupa zake: bia ya kahawa, ya asali, ya tangawizi, na moja ya ukwaju iliyowahi kupasuka ikawachafulia watu nguo za harusi. Jioni moja Wilson alifika Kibosho na uso wa mtu mwenye ombi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshuka lini mlimani?"

"Juzi. Mzee, Jumamosi tunashindanisha bia. Tuna majaji wawili, na mmoja tunataka uwe wewe."

"Bia zenu hizo za ndoo?"

"Hizohizo. Watu wanasema bila Ulimi mashindano hayana maana."

Mtu akikuvika kilemba cha ukoka, hata ukijua ni majani, shingo hunyooka yenyewe. Basili alikubali kabla hajafikiri. Elinipendo alikuwa akimenya ndizi pembeni. Kisu chake kikaanza kwenda polepole.

Jumamosi hiyo Elinipendo aliaga mapema kwamba anakwenda sokoni Mbuyuni. Basili akavaa koti lake la kanisani, akashuka mjini. Alikuta ua umejaa watu: vijana wa hotelini, manesi, mwalimu mmoja aliyependa kueleza povu, na Fahad, fundi wa kuchomelea aliyewatengenezea wote masufuria na koki. Fahad alikuwa Mwislamu wa kushika dini, hakugusa bia. Alikaa na soda yake ya tangawizi akijibu kila aliyemuuliza, "Ya ndani siyajui. Lakini koki ikivuja, hapo nina la kusema."

Basili alikalishwa mezani na jaji mwenzake, Victoria, dada wa mapokezi katika hoteli moja ya mjini. Kisha Wilson akaeleza utaratibu. Vikombe vina namba. Wapishi wamechanganyika na watazamaji, na hakuna atakayeonja kabla ya majaji.

"Ngoja," alisema Basili. "Aliyepika haanzi yeye?"

"Haanzi, mzee. Akianza, mtajua ni nani, na upendeleo utaingia."

"Mnawanywesha watu kitu ambacho mpishi hajakigusa? Mkituua je?"

Ua mzima ukacheka, wakidhani mzee anatania. Mzee alikuwa akitoka jasho ndani ya koti la kanisani. Safari hii hakuna mashavu ya kusoma.

Akabaki na Victoria. Kwa kuwa Basili alikuwa mkubwa, adabu ilitaka aseme yeye kwanza, kwa hiyo ilibidi amsome binti huyo kabla hajafungua mdomo. Lakini Victoria alikuwa amekaa mapokezi miaka mingi. Tabasamu lake lilikuwa limeshapita katika maji kukatika, mabegi kupotea na wageni kutukana, na halikuzimika kwa jambo lolote. Alionja namba moja, akatabasamu. Alionja namba mbili, akatabasamu vilevile.

Basili alijikaza. Kuhusu namba moja alisema, "Ina safari ndefu, lakini imeondoka vizuri." Watu wakapiga makofi. Kuhusu namba mbili alisema, "Hii inajua inachotaka, ila haijui pa kukipata." Wakapiga makofi zaidi. Namba tatu aliiita "bia ya mtu mpole," na kijana mmoja nyuma akanyanyua mikono juu, kumbe ni yake. Basili alianza kuona kwamba kazi hii pengine haihitaji ulimi kabisa.

Ikaja namba nne, ya mwisho. Ilikuwa ya rangi ya udongo, na povu lake dogo. Victoria alionja, na tabasamu likazimika. Alifumba macho, akabana midomo, akaweka mkono kifuani.

Hatimaye! Basili alifurahi kama mtu aliyeona kibao cha njia baada ya kupotea. Alichukua funda lake, akakunja uso, akakirudisha kikombe mezani na kukisukuma mbali.

"Hii," alisema, "aliyeipika aziombe radhi ndizi. Zimeteseka bure. Naipa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za kikombe."

Watu walicheka mpaka mwalimu akasahau povu. Victoria alifumbua macho, nayo yalikuwa na machozi.

"Mzee, unisamehe," alisema taratibu. "Mimi nimeipa tisa. Ni nzuri mpaka nilitaka ninyamaze kidogo kwanza."

Wilson alijumlisha, akakuna kichwa. Tisa za Victoria zilikuwa nyingi kuliko alizotoa kwa kikombe kingine chochote, lakini zile mbili za Ulimi ziliiburuta namba nne mpaka mkiani. Akatangaza hivyo, kisha akamwomba mpishi wake asimame.

Katika safu ya nyuma alisimama Elinipendo.

Hakuwa amekwenda Mbuyuni. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na ameshika pochi kwa mikono miwili. Wilson alieleza, huku akimkwepa Basili kwa macho, kwamba mama aliazima ndoo kwake, akaichuja mbege yake, akaitia hamira na kuifunga kwenye chupa, na badala ya yale maua machungu yanayoagizwa ng'ambo alitumia msesewe, gome la nyumbani. Kipande chake kilikuwa pale mezani watu wakione.

"Uuuwi!" alisema mtu. "Mzee leo unalala kwa Wilson!"

Elinipendo alingoja kicheko kipite. "Mume wangu ni mkali," alisema akitabasamu. "Hata nyumbani hana upendeleo." Akaketi.

Alikuwa amemwokoa. Ua mzima sasa ulimheshimu Basili maradufu, jaji asiyemwonea haya hata mkewe. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Lakini miezi ile ya kusoma nyuso ilikuwa imemfundisha, na uso ule aliujua kuliko yote. Chini ya tabasamu, Elinipendo alikuwa ameona aibu. Basili alihisi uchungu, si wa mdomoni. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Wilson, futa alama zangu. Zote."

"Kwa nini, mzee?"

"Sina ulimi. Tangu Kwaresima sisikii ladha ya kitu chochote."

Kikalipuka kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. "Anaogopa kurudi nyumbani!" walipiga kelele. Fahad aliweka soda chini. "Mzee wangu, ndoa ni ngumu, najua, lakini usikane viungo."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema la kufanya ukiyafichua watu wakakataa kuamini. Basili alitazama mezani. Akakichukua kile kipande cha msesewe, akakitia mdomoni, akaanza kutafuna.

Wote waliozaliwa mlimani wanalijua gome lile. Mpishi hutia kidogo tu katika chungu kizima. Mtoto akililamba kwa bahati mbaya hulia mpaka chakula cha jioni. Basili alilitafuna kama muwa, bila haraka, akimtazama Wilson, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Kicheko kilizimika kuanzia mbele kwenda nyuma. Victoria alifunika mdomo wake mwenyewe.

Elinipendo alipita katikati ya viti. "Tema," alisema, akinyoosha kiganja. "Baba Godlove, tema, utaumwa na tumbo." Na Mzee Basili, Ulimi wa Kibosho, akatema kiganjani mwa mkewe mbele ya watu wote.

Alama zikafutwa, na namba nne ikawa ya kwanza. Vigelegele vilipigwa, na Fahad akamkabidhi Elinipendo zawadi, koki ya shaba aliyoitengeneza kwa mkono wake. "Haivuji," alimwambia, kama anayetoa baraka. Basili alikuwa amehamia kwenye kigoda kando ya ua, akiziona kata zote za Kibosho zikipita mlango wake. Hakuna aliyemsogelea, maana hakuna aliyejua jaji wa jinsi hiyo anapewa pole ya aina gani.

Elinipendo alikuja na kikombe, akaketi karibu naye.

"Ulijua?" aliuliza Basili.

"Nilijua siku niliyokosea nikakutilia chumvi kwenye chai. Ukaniambia asante, leo umeipatia."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Halafu nikagundua kila nikionja unanitazama mashavu." Aligeuza kikombe mikononi. "Ulikuwa unanisifu kwa nilichokitoa mwenyewe usoni. Mtu akijisifu kwa mdomo wa mwenzake, hashibi. Nilitaka kusikia neno la mtu asiyeniona."

"Nisamehe, Mama Godlove."

"Mbili kwa kumi," alisema. "Na ni za kikombe."

"Nisamehe."

Elinipendo alinywa funda kwanza, kama desturi inavyotaka, kisha akampa kikombe. Basili alikipokea akiwa ameinamisha kichwa, macho yake kwenye majani, asije akaiba tena usoni mwake. "Niambie," alisema.

Elinipendo alifikiri. Maisha yake yote alikuwa ameonja ili wengine waseme, na hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mwanzo ni ndizi," alisema. "Tamu, lakini si tamu ya watoto. Halafu msesewe unakuja nyuma polepole, kama mgeni anayepiga hodi akiwa keshaingia."

"Na ulezi?"

Elinipendo alipunguza sauti. "Uji wa ulezi ulishika chini ya sufuria. Kuna moshi kidogo mwishoni. Victoria hakuusikia, au amenionea haya."

"Uliungua?"

"Kidogo. Hata mbege ile ya kipaimara iliungua."

"Ile niliyosema safi kabisa?"

"Ileile. Nilijikaza uso."

Walicheka mpaka Fahad akageuka kuwatazama. Basili alifuta macho, akanywa funda kubwa, hakusikia kitu, akameza taratibu hivyohivyo.

"Basi safari ijayo nitakaa jikoni mimi," alisema. "Moto bado nauona."