Aliyeitikia Jina la Mudathiru

Maman Nzigire hakutaka fundi mmoja mmoja. Alitaka kikosi kizima kama kilivyo, watu waliokwisha kuzoeana mikono. Alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu aliyejenga kinu kipya cha kukoboa mpunga huko Muganza, na alikuwa amesikia kwamba katika bonde lote la Bugarama hakuna wanaotoa mchele usiovunjika kama watu wa Mzee Sebahire. Akamtuma Ghislain, mmoja wa kikosi hicho na mzaliwa mwenzake wa Bukavu: "Ambia Mzee wenu, mukuje bote ao musikuje."

Walikuwa wanne. Miaka miwili nyuma walikuwa watano.

Wiki nzima Sebahire hakutoa jibu. Ijumaa, walipokuwa kwenye mfereji wakiosha vumbi la pumba shingoni, Tuyishimire alishindwa kuvumilia.

"Mzee, unangoja nini? Unataka Maman akutumie gari la bibi harusi?"

"Na maua," Ghislain akadakia. "Mzee bila maua hapandi."

Habumugisha peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama, anasugua mikono ambayo ilikuwa safi tayari.

"Nangoja muntu mmoja aseme," Sebahire alijibu. "Mukienda mahali papya na mimi, nitawasha mashine kwa neno la nani? La bantu ambao siamini midomo yao?"

Kicheko kikakatika. Hapakuwa na haja ya kuuliza maana.

Katika kinu chao cha zamani, nyuma ya mashine, palikuwa na shimo refu ambamo mkanda wenye vikombe ulipandisha mpunga juu. Mpunga ukikwama, mtu hushuka shimoni kuutoa kwa mikono. Anayesimama kwenye swichi hawezi kumwona aliye chini. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha, Sebahire aliita majina, na kila mmoja alipaswa kuitikia "Niko!" akiwa ametoka shimoni. Lakini karani wa tajiri naye alisikiliza dirishani, na asiyeitikia alikatwa malipo ya nusu siku. Ndipo ukaingia ule wema wao: mwenzako akichelewa, unamwitikia. Sebahire alijua. Alifumba macho, maana hata yeye aliwahi kuitikiwa alipokuwa kijana.

Asubuhi moja, miaka miwili nyuma, aliita, "Mudathiru!" Sauti ikaitika, "Niko!" Akabonyeza. Mudathiru, yule wa tano wao, alikuwa shimoni.

Polisi walipouliza, Sebahire alisema alimsikia Mudathiru kwa masikio yake mwenyewe akiitika. Alimwambia imamu hivyohivyo wakati wa mazishi. Alimwambia na Zulaikha, mjane, akiwa ameshika kofia mkononi: "Aliitika, mwanangu. Sijui kwa nini alirudi chini." Hakuna aliyebisha. Tangu hapo sauti ile haikumwacha. Aliisikia kanisani padri akisema na watu wakiitikia. Aliisikia ndani ya sufuria ikichemka. Kinuni hakuita tena majina, alihesabu watu kwa macho; na nyumbani aliwakataza wajukuu kuitika wakiitwa. Kila mtoto aje mbele yake, amwone. Mkewe alidhani ni uzee.

Jumamosi alikubali kwenda. Hakuna aliyekuwa amesema neno, lakini mke wa Tuyishimire alikuwa amejifungua pacha, na hakuona haki kuwafungia watu watatu mlango kwa ajili ya sauti. Ndani ya moyo alitumaini pia kwamba sauti ile ingebaki na jengo lake, naye angeweza tena kuita majina.

Jumatatu walifika Muganza wote pamoja, saa moja asubuhi. Kinu kilinukia rangi na saruji mbichi. Wakulima wa mpunga walikuwa wameketi juu ya magunia yao, wanangoja. Maman Nzigire, akiwa amevaa kitenge kipya, aliwapanga mbele ya swichi kama watoto wa shule.

"Simameni hapa nibaone. Nataka kuona vile munaanza kazi. Balinisifia kazi yenu sana."

"Tunaanza na majina, Maman," Sebahire alisema.

Mwanga uliingia kwa milango miwili. Wote watatu walikuwa mbele yake, hatua nne tu, na shimo nyuma yao lilikuwa tupu.

"Tuyishimire!"

"Niko!"

"Ghislain!"

"Niko, Mzee!"

"Habumugisha!"

"Niko!"

Mkono ulikuwa umefika kwenye swichi. Lakini mdomo uliozoea miaka kumi na moja haukusimama pale ulipoamriwa.

"Mudathiru!"

"Niko!"

Ilikuwa sauti ileile. Safari hii Sebahire aliuona mdomo uliofunguka.

Habumugisha alijifunika uso kwa viganja viwili, kama anayetaka kulirudisha neno ndani. Ghislain alifanya ishara ya msalaba. Maman Nzigire alihesabu watu kwa macho, mara moja, mara mbili.

"Mudathiru ni nani?"

Sebahire alimgeukia Habumugisha.

"Ni wewe," Sebahire alisema.

"Nilizania hajafika, Mzee." Habumugisha alisema akiwa bado amejifunika. "Siku ile mke wake alikuwa mugonjwa. Nikasema, amechelewa, watamukata. Nikamwitikia. Kumbe alitutangulia sisi wote, akashuka."

"Miaka miwili unakula na mimi."

Habumugisha akashusha mikono. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha Sebahire kuliko machozi.

"Na wewe, Mzee? Sauti yangu huijui? Mudathiru alikuwa na sauti nyembamba kama ya mwanamuke, tulikuwa tunamucheka. Ulisikia nani siku ile?"

Sebahire aliondoa mkono kwenye swichi.

"Maman, leo hatuwashi."

"Bantu bananingoja, Mzee! Mukitoka kwa mulango huu, naita bengine."

"Ita, Maman. Una haki."

Tuyishimire alifungua mdomo kumpinga, akawaza pacha wake, akafunga. Yeye na Ghislain walibaki karibu na magunia. Sebahire na Habumugisha walitoka, wakashika njia ya Bugarama kwa miguu, jua likiwapiga kisogoni. Mara mbili Sebahire aligeuka nyuma akidhani mtu wa tatu anawafuata. Mara mbili aliona barabara tu.

Zulaikha alikuwa uani, anaanika maharagwe juu ya mkeka. Aliwaletea viti, hawakukaa. Habumugisha alisema yote akiwa amesimama, haraka, bila kuomba chochote. Alipomaliza, mwanamke aliendelea kutandaza maharagwe kwa kiganja, taratibu, mpaka yakawa tabaka moja tu lisilopandana.

Hapo Sebahire aliona kwamba angeweza kuondoka. Habumugisha hakuwa amemtaja. Kila kitu kilikuwa kimeangukia bega moja, na lile bega lilikuwa limekikubali.

Zulaikha aliinua kichwa, akampita Habumugisha kwa macho.

"Na wewe, Mzee, uliniambia ulimusikia Mudathiru. Ulisikia nani?"

Sebahire alivua kofia.

"Habumugisha," alisema. "Nilijua ni Habumugisha. Na nikawasha."